Mwanamke Aliyeita Mashua za Isangi

Nilipomjua nilikuwa nimeshafanya kazi nyingi mno, hata mtu akiniuliza ninafanya nini nilijibu kwa ile ya wiki hiyo. Shule niliiacha mapema, kabla ya sekondari. Mwalimu alikuwa anauliza maswali ambayo majibu yake anayo tayari mfukoni, nami nilitaka yale ambayo hata yeye yangemkosesha usingizi. Nikabeba mbao, nikatengeneza redio, nikashika kamera kwenye harusi za watu, nikapanda mashua hadi Basoko na kurudi bila sababu nyingine ila kuona maji ya Aruwimi yanavyokataa kwa muda kuchanganyika na ya mto mkubwa. Mwishowe nikaingia kwenye kazi ya sauti, na humo nimebaki, ingawa kubaki si tabia yangu.

Nilikuwa na kinasa sauti kidogo, kompyuta ambayo kioo chake kimepasuka pembeni, na chumba kimoja mtaa wa Mangobo, hapa Kisangani. Kazi za kunilisha zilikuwa matangazo: mwuza dawa ya mende anakuja, namnasa sauti, naitia muziki kidogo chini yake, namwekea kwenye kadi ya memori, naye anaichomeka kwenye megafoni yake na kuzunguka nayo mjini siku nzima bila kuchosha koo. Kazi za moyo wangu zilikuwa nyingine. Nilinasa minyororo ya toleka, zile baiskeli zetu za kubeba watu, zinavyolia zikipanda mwinuko. Nikanasa mchi unavyopiga pondu, yale majani ya mihogo. Nikaviunga pamoja kwenye kompyuta na kuwasikilizisha watu ukutani mwa kiwanda kimoja cha zamani, na picha zikipita juu ya ukuta. Watu walikuja. Walisimama kwa adabu, wakasikiliza hadi mwisho, halafu baba mmoja akaniuliza muziki utaanza saa ngapi.

Siku moja nilikwenda bichi. Ndivyo tunavyoliita gati, mahali ambapo balenyeri zinafungwa, yaani zile mashua ndefu za mbao zenye injini zinazoshuka Yanonge, Isangi na Basoko. Kila mashua ina mwitaji wake, na kila mwitaji ana uongo wake. Balenyeri haiondoki kwa saa, inaondoka ikijaa. Lakini tangu jua linapochomoza mwitaji anapaza sauti kwamba inaondoka sasa, sasa hivi, kamba imefunguliwa. Watu wamezoea, hawaamini, wanakuja wamechelewa makusudi, na kwa sababu wanachelewa mashua haijai, na kwa sababu haijai mwitaji anazidi kudanganya. Hakuna aliyeona ubaya. Ndiyo kazi ilivyo.

Yeye peke yake hakudanganya. Alisimama juu ya kreti la chupa karibu na mashua ya Isangi, kanga moja kiunoni na nyingine begani, bila megafoni, na sauti yake ilifika hadi kwa wauza samaki juu ya ngazi. Alisema: Isangi bado, nafasi ipo, mama wa mihogo kamalize soko lako kwanza. Alisema: Yanonge tutapita, lakini bado, papa, kanywe chai, usije ukaanza kunilaumu kwa njaa. Neno sasa halikumtoka mdomoni mpaka fundi awe ameshusha mota majini na kamba iwe mkononi mwa baharia. Hapo tu ndipo alipoliita, na ungeona bichi nzima inavyogeuka. Watu walikimbia na mabeseni vichwani, toleka ziliteremka na abiria wamekunja magoti, kwa sababu kila mtu alijua: huyo akisema sasa, ni sasa. Wafanyabiashara wa Isangi waliichagua mashua ile kwa ajili yake, wala si kwa ajili ya injini yake, iliyokuwa mbovu.

Nilikuwa nimefunika maikrofoni kwa manyoya niliyoyakata kwenye mdoli wa mtoto, ili upepo usiingie. Aliniona nimeinyoosha kwake. Akaita watu wawili watatu zaidi, halafu bila kugeuka akaniuliza:

"Papa, hiyo panya yako inakulaka nini?"

Nikamwambia inakula sauti.

"Basi leo itashiba mupaka itapasuka."

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Baadaye alihamia kwangu Mangobo, na chumba changu, ambacho nilidhani nimekijaza sauti, nikagundua kilikuwa kimya tangu siku nilipokipanga. Aliongea na sufuria. Alimsuta jogoo wa jirani kwa jina la ukoo wa jirani mwenyewe. Aliimba nusu ya wimbo, akaisahau, akaimalizia kwa maneno ya bei ya makayabu, samaki wa chumvi. Nilimnasa bila mpango, leo na kesho, na kila akiona taa nyekundu ya kinasa sauti alisema, "Unaniiba tena," kisha anaendelea kama vile hakuona kitu. Majirani walinicheka kwamba nimeoa redio isiyo na kifungo cha kuzimia.

Niliwahi kumwuliza kwa nini hadanganyi kama wenzake. Alikuwa anachambua mbika, mbegu za maboga, kwenye ungo. Akanieleza kwamba alipokuwa mtoto, kwao karibu na Isangi, habari ilikuja kwamba baba yake amelazwa hapa Kisangani na hali si nzuri. Mama yake alimbeba, akapanda mashua ambayo mwitaji wake alikuwa anaapa inaondoka sasa. Walikaa humo wamefungiwa na mizigo mpaka jua likaanza kushuka. Kulikuwa na mashua nyingine jirani iliyoondoka kweli, lakini mama yake aliogopa kushuka kwa sababu huyu wake alikuwa anasema sasa, sasa. Walipofika Kisangani baba alikuwa ameshazikwa. Alinieleza hivyo bila machozi, akipeperusha maganda, kisha akasema mama yake alikuwa mtu wa kuamini watu, na mtu wa namna hiyo anahitaji angalau mwitaji mmoja bichi.

Basi hilo ndilo lililokuwa lake. Hakuwa na shamba, hakuwa na nyumba. Alikuwa na neno moja ambalo watu walikimbia nalo bila kuuliza.

Sauti ilianza kumwacha polepole. Kwanza ilikuwa nzito asubuhi, akisema ni moshi. Halafu ikawa na mikwaruzo, nami mjinga wa sauti niliipenda ile mikwaruzo, nikasema inaipa rangi. Alitafuna tangawizi, akatafuna makasu, zile kokwa chungu za kola, akanywa mafuta ya mawese ya moto kwa ushauri wa mama mmoja wa Opala. Daktari alimwingizia kioo kooni, akatuambia kuna uvimbe kwenye nyuzi zinazotoa sauti, apumzike miezi bila kusema, au akatwe. Kupumzika hakuweza, angepumzika vipi na mashua zinaondoka. Kwa hiyo akakubali kukatwa. Daktari alikuwa mtu mwema na hakutuficha kwamba sauti huenda ikarudi na huenda isirudi.

Wazo la kumnasa lilikuwa letu sote wawili. Nimeligeuza mara nyingi kichwani nione nani alilitamka kwanza, na sipati. Nakumbuka tu kwamba tulicheka. Tulisema kama daktari atakosea kisu, basi yeye atabaki na sauti kwenye kadi, atakwenda nayo bichi, atakaa kwenye kreti lake kama bibi wa serikali na kufinya kibonye tu.

Tuliegemeza godoro kwenye mlango, tukatundika mablanketi, na kwa siku kadhaa alinipa maneno yake, moja moja. Isangi bado. Nafasi ipo. Yanonge tutapita. Mama wa kuku, funga miguu yao. Papa wa lotoko, kaa nyuma na pombe yako kali, utatuunguza. Alinipa hata kicheko, maana alisema bichi bila kicheko watu wanadhani kuna maiti. Tulipofika kwenye sasa, aliisukuma maikrofoni kando.

Nikamwambia aseme. Akatikisa kichwa.

"Hapa hakuna mashua," alisema.

Nikamweleza kwamba ni kunasa tu, hakuna atakayesikia, ni sisi wawili na godoro. Alinitazama kama mtu anayemwonea mwenzake huruma. Alisema hajawahi kulisema bila mota majini na hataanza leo kwa sababu ya panya. Kwa hiyo kesho yake tulishuka bichi, tukangoja na wasafiri wengine hadi mashua ijae, na fundi aliposhusha mota na baharia akafungua kamba, alisimama juu ya kreti akaliita, nami nikalinasa likiwa hai, na chini yake injini inanguruma na kamba inaanguka majini. Lilikuwa zuri sana. Nimenasa vitu vingi maishani, na hakuna kilichokuwa kweli kama kile.

Alipotoka hospitali alikuwa na pumzi tu. Alifungua mdomo, hewa ikatoka, na umbo la neno bila neno lenyewe. Daktari akasema tungoje. Tulingoja. Ukikaa karibu sana, sikio mdomoni kwake, ungepata kitu kama mchakacho wa majani makavu.

Nikamtengenezea kisanduku. Nilichukua kinanda cha plastiki cha kuchezea, nikakitoa matumbo, nikaunganisha kila kibonye na neno lake moja kwenye kadi ya memori, na kisanduku chenyewe nikakiunga kwenye megafoni. Kibonye cha sasa nilikipaka rangi nyekundu ya kucha zake. Akashuka nacho bichi. Siku ya kwanza watu walisogea kwa woga kidogo, wakaona mdomo umefungwa na sauti inatoka. Siku ya pili walikuwa wameshamtania, na yeye akawa amejifunza kujibu utani kwa kibonye cha kuku. Mtu akimsumbua kuhusu nafasi, anamfinyia papa wa lotoko, na bichi nzima inacheka. Aliunganisha maneno kwa namna ambayo sikuwa nimewaza: nusu ya hili, mwanzo wa lile, kicheko katikati. Alikuwa anaicheza sauti yake kama wanavyocheza wapiga gitaa, na akifinya kile chekundu, mota ilikuwa majini. Kila mara.

Nimewahi kuonyesha kazi zangu kwenye kuta na kwenye vyumba vyenye viti. Ile ya bichi ndiyo bora kuliko zote, na hakuna aliyeiita sanaa. Nyumba moja ya wasanii ilisikia habari zake, wakanialika nije kuieleza ukumbini na kuisikilizisha. Nilikubali kwa furaha, nikaanza kupanga sauti zake zote nilizokuwa nazo, za bichi na za nyumbani.

Kisha kidonda chake cha ndani kikaharibika, akarudishwa hospitali. Karani wa mashua, kijana wa suruali za kupiga pasi ambaye huandika abiria, alikuja kumsalimia na mkate, na kabla ya kuondoka akaomba aachiwe kile kisanduku, ili wateja wasipotee wakati mama hayupo. Mke wangu alikubali. Alimfundisha yeye mwenyewe, kwa vidole, akiwa amelala: hiki lini, hiki lini, na hiki chekundu, hapana, hapana, mpaka mota ishuke. Karani aliitikia kila kitu. Sidhani alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa bichi. Alipofika kwenye mashua na kuona kibonye kimoja kinafanya watu wakimbie na vingine vinawafanya waende kunywa chai, alifanya kile ambacho kila mwitaji angefanya. Alifinya chekundu asubuhi.

Na mashua ikajaa mapema. Ndani ya ile sauti injini ilikuwa inanguruma, kamba ilikuwa inaanguka majini, nani asingekimbia? Mwenye mashua alifurahi. Baada ya siku chache walichoka hata kufinya, wakachukua kadi yenyewe, wakaiweka kwenye megafoni, lile la sasa lijirudie bila mtu. Wauza nyimbo pale juu ya ngazi, wanaonakili muziki kwenye simu za watu, wakainakili. Mashua ya Basoko ikaipata. Ya Yanonge ikaipata.

Sisi hatukujua. Alipotoka hospitali daktari alimkataza jua na vumbi, akakaa nyumbani, nami nikakaa naye.

Mwanamke mmoja alikuja uani kwetu asubuhi moja, amefunga kitambaa cha matanga kichwani. Alikuwa ameelekezwa na watu wa bichi. Hakukuja kwa kelele. Alisimama mbele ya mke wangu, aliyekuwa anafua, akamwuliza kwa utulivu:

"Ni weye mama wa mashua ya Isangi?"

Mke wangu akaitikia kwa kichwa, akakausha mikono ili amsalimie. Yule mwanamke hakuupokea mkono. Akasema mama yake alifariki Isangi, akapigiwa simu aje kabla ya mazishi. Alikuwa na mtu wa pikipiki tayari, njia ya barabara, mbaya lakini njia. Akapita bichi, akaisikia ile sauti na injini nyuma yake, akamwachia mwenye pikipiki aende zake, akapanda. Akakaa kwenye mashua siku ile hadi jioni, na usiku wake, maana hawakuondoka mpaka kesho yake, na mazishi yakampita.

"Niliacha njia ya kweli kwa sababu yako," alisema. "Wengine wote najuaka wako waongo. Weye nilikuamini."

Mke wangu alifungua mdomo. Hewa ikatoka. Alifungua tena, mishipa ya shingo ikasimama, na hewa ikatoka. Nikaingilia, nikaanza kueleza habari za kisanduku, hospitali, karani. Yule mwanamke alinisikiliza kidogo tu.

"Papa, mi sisemi na weye. Ile sauti ilikuwa ya huyu."

Kisha akaondoka. Hakutukana, hakulia. Mke wangu alibaki amesimama na povu la sabuni mikononi.

Tulishuka bichi siku hiyo hiyo. Kabla hatujafika kwenye ngazi nilimsikia, yaani nilimsikia yeye, mzima, koo safi, anasema mashua inaondoka sasa. Nilimtazama aliye kando yangu. Alikuwa ameshika mkono wa shati langu. Tukashuka. Karani alimpokea kwa heshima, akamtafutia kiti. Mimi ndiye niliyesema, yeye akanionyesha kwa mikono nini cha kusema. Karani alisikitika kweli, lakini alisikitika kama mtu anayesikitikia mvua.

"Mama, bon, weye ulituachia. Sasa sauti iko ya mashua. Weye pumuzika, ikutumikie."

Nikamwambia azime. Akasema angezima, ila mwenye mashua hataki, na hata akizima yeye, mbele pale hawatazima. Tukaenda mbele. Ilikuwa kweli. Kwenye mashua ya Yanonge alikuwa anasema sasa. Kwenye ya Basoko alikuwa anasema sasa, kwa sauti iliyopunguzwa kasi kidogo, kama mtu aliyelewa. Mwuza dawa ya mende alikuwa amekata kicheko cha mke wangu na kukiweka mwisho wa tangazo. Yeye alitembea bichi yote kutoka mwanzo hadi mwisho akijisikia anadanganya, na watu waliomjua waligeuza macho, na mtoto wa mwuza mikate akamwiga: sasa, sasa, sasa. Watu wakacheka. Miezi michache nyuma walikuwa wanacheka naye.

Nyumbani alikaa kwenye kiti mbele ya kompyuta yangu. Hakuwa amewahi kuikalia. Akanivuta sikio hadi mdomoni mwake.

"Futa."

Nilidhani anasema kadi. Nikamwambia kadi hatuna, wanayo wao. Akaonyesha kompyuta kwa kidole. Yote. Za bichi na za nyumbani, sufuria, jogoo, nusu za nyimbo. Nikasema mambo mengi. Nikasema hizi hazijatoka hapa na hazitatoka. Nikasema daktari amesema tungoje, na kama sauti haitarudi hizi ndizo zote tulizo nazo. Nikataja ule ukumbi, na neno nililowapa wale wasanii. Nasema hili kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na yeye hakukasirika. Alingoja nimalize. Kisha akanivuta tena.

"Ikiwa kwako, siku moja itatoka."

Na mimi, niliyeishi kwa kuchukua sauti za watu na kuzipeleka mahali ambapo wenyewe hawapo, nikavuta kompyuta karibu. Nilifuta faili moja baada ya jingine mbele yake, jua la mchana likiwa mlangoni. Sikusikiliza hata moja kwa mara ya mwisho, kwa sababu nilijua nikianza sitamaliza. Mkono wake ulikuwa shingoni kwangu muda wote. Nilijiambia kwamba nikifanya hili, atabaki. Hakuwa ameniahidi. Nilijiambia mimi mwenyewe.

Wiki iliyofuata alianza kufunga vitu vyake. Anakwenda Opala, kwa mama yake mdogo anayelima huko, juu kwenye Lomami, ambako mashua za bichi yetu haziendi. Nikasema nitakwenda naye. Mimi ni mtu wa kuhama, kuhama hakunisumbui. Akatikisa kichwa. Nikamwuliza nimekosa nini. Alifikiri kwanza, maana maneno yalimgharimu sasa, kila moja lilimwacha anahema, na alichagua machache.

"Hujakosa. Lakini kila saa unaniangalia, unangojea niseme."

Nikataka kukana. Nilikuwa namwangalia, na nilikuwa nangojea.

Kwenda Opala lazima ushuke kwanza hadi Isangi, na kwenda Isangi lazima upite bichi. Nilimbebea mfuko. Karani alipomwona hakumwandika kama wengine. Alimsaidia kupanda na kumtafutia mahali pazuri juu ya magunia ya chumvi, kisha akaenda kusimama mbali. Megafoni ilikuwa imefungwa kwenye nguzo ya paa, karibu kabisa na kichwa cha mke wangu, inasema mashua inaondoka sasa. Alikaa ameipa mgongo. Mimi nilisimama kwenye udongo, kiasi cha hatua chache tu kutoka kwake.

Mashua ilikuwa nusu tupu. Watu wa mjini hawakuiamini tena ile sauti kuliko nyingine. Walisimama juu ya ngazi wakinunua kwanga, ule mkate wa mihogo, wakipiga soga. Ila wageni, watu waliotoka vijijini na hawajui, walikuwa wanakuja mbio. Kila aliyekuja mbio, niliona, mke wangu alimnyanyulia kiganja. Bado. Alifanya hivyo kwa kila mmoja, asubuhi yote, na jua lilipopanda akaendelea. Wengine walimshangaa. Mzee mmoja alimwelewa, akarudi kukaa kivulini na mbuzi wake.

Mchana ulipoanza kupoa, mashua ikajaa. Fundi akashusha mota. Baharia akaenda kwenye kamba. Megafoni ilisema lile lile iliyokuwa inalisema tangu asubuhi, na hakuna aliyeinua kichwa.

Akasimama. Alichukua kopo la kutolea maji mashuani, akavuta bidoni, dumu tupu la njano, kutoka kwa mtu aliyelikalia, akaligonga. Alipiga kwa nguvu na haraka, bila kupumzika, mkono mzima kutoka begani. Kule juu kwa wauza samaki vichwa viligeuka. Waliomjua walimwona amesimama, na nikaona wanakumbuka. Mama mmoja aliacha kwanga nusu mkononi mwa muuzaji, akateremka na beseni lake. Toleka mbili ziliteremka zikipiga kengele. Mzee wa mbuzi alikimbia, mbuzi akimvuta. Bichi ilikuwa inakimbia tena kwa ajili yake, na alipiga mpaka mguu wa mwisho ukawa ndani ya mashua, na kamba ikaanguka majini.

Hapo akaweka kopo chini, akanitazama. Sikungojea aseme. Nilitaka alione hilo, na naamini aliliona, maana alitabasamu kidogo kwa upande mmoja wa mdomo, kama alivyokuwa akifanya alipoiona taa nyekundu. Mashua ikageuza pua, mkondo ukaichukua, na mimi nilisimama palepale mpaka sikuweza tena kumtofautisha na magunia.

Mwanamume mmoja aliteremka ngazi akikimbia na mfuko begani, jasho usoni. Karani alikuwa ameifungua megafoni kabla ya kamba kuanguka, akaihamishia kwenye mashua ya kesho, na mke wangu alikuwa anaita nyuma yetu, wazi kabisa, injini ikinguruma chini yake.

"Papa, ile ya Isangi iko bado?"

"Imekwenda," nikamwambia.

Akaonyesha kwa kidevu kule sauti inakotoka. "Lakini ule mama iko anaita."

"Imekwenda, ndugu yangu. Nimeiona ikienda."